Usikubali baraza la mbao limeze faida yako

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wengi wanaofungua migahawa na nyumba ndogo za wageni ufukweni, iwe Bagamoyo, Pangani, Kigamboni au Nungwi, huwajengea wateja wao baraza la mbao nje. Ni uamuzi wa busara. Mteja hupenda kukaa penye upepo, na mbao zinaweza kupita juu ya mchanga au mteremko ambako kumwaga zege kungekuwa kazi kubwa.

Tatizo huanza baada ya masika ya kwanza. Vanishi iliyokuwa iking'aa siku ya ufunguzi huanza kubabuka vipande vipande, mbao hugeuka kijivu, madoa meusi hutokea kuzunguka misumari na vibanzi huanza kuwachoma miguuni watoto wa wateja. Mwenye mgahawa humwita fundi, naye hupaka vanishi nyingine juu ya ile ya zamani. Mwaka unaofuata hali hurudi palepale, na fedha nyingine hutoka.

Lawama hupewa mvua au ubovu wa mbao. Ukweli ni kwamba mara nyingi makosa huwa mawili, na yote hufanyika siku ya kupaka. La kwanza ni kuchagua rangi inayokaa juu ya ubao badala ya ile inayopenya ndani. La pili ni kupaka mbao zikiwa bado na unyevu au uchafu. Anayeepuka makosa hayo mawili hupunguza gharama za matengenezo kwa miaka mingi.

Kwa nini vanishi hubabuka

Ubao hauachi kucheza hata baada ya kupigwa misumari. Ukipata unyevu hutanuka, ukikauka husinyaa. Katika pwani yetu, ambako usiku kuna umande na mchana kuna jua kali, mchezo huo hutokea kila siku.

Vanishi hutengeneza utando mgumu juu ya ubao. Utando huo hauwezi kufuata kila kutanuka na kusinyaa, hivyo hupasuka, hasa kwenye maungio na vichwa vya mbao. Maji hupenya kwenye nyufa hizo, yakakaa chini ya utando bila njia ya kutokea. Jua likiwaka, unyevu unaotaka kutoka huinua utando na kuubandua.

Miale ya jua nayo hufanya kazi yake. Hupita kwenye vanishi isiyo na rangi na kuharibu lignini, yaani gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao. Tabaka la juu la ubao likishadhoofika, vanishi hukosa mahali pa kushika.

Kwenye sakafu hali ni mbaya zaidi kuliko ukutani. Ukutani maji huteremka, sakafuni hutuama. Aidha, sakafu hukanyagwa, huburutiwa viti na kusuguliwa na mchanga. Utando ukilowa huteleza, na mteja akianguka hasara ni kubwa kuliko bei ya kopo la rangi.

Wenye majahazi walilijua hili

Wakazi wa pwani hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Wenye vyombo vya baharini wamekuwa kwa karne nyingi wakipaka mbao za majahazi sifa, yaani mafuta ya papa, na kurudia kila baada ya muda. Hawakutegemea utando mmoja mgumu udumu milele. Waliulisha ubao mafuta, na yalipopungua waliulisha tena.

Rangi ya mbao inayopenya, ambayo mafundi huiita steni, inafuata wazo hilohilo. Ni mafuta au maji yaliyochanganywa na gundi kidogo, chembe za rangi na mara nyingi dawa ya kuzuia kuvu. Huingia kwenye nyuzi za ubao na kuacha kidogo sana juu. Muda wake ukiisha hufifia taratibu bila kubabuka, hivyo mwenye baraza huosha na kupaka tena bila kukwangua sakafu nzima.

Aina tatu za steni

Dukani utakuta aina kuu tatu, zinazotofautiana kwa wingi wa chembe za rangi ndani yake. Chembe hizo si pambo tu. Ndizo zinazoukinga ubao dhidi ya jua.

Ya kwanza ni steni angavu, isiyo na rangi au yenye rangi kidogo sana. Huonyesha uzuri wote wa ubao, lakini kinga yake dhidi ya jua ni ndogo na huhitaji kurudiwa mapema kuliko nyingine. Inafaa kwenye baraza lililoezekwa.

Ya pili ni steni nusu angavu. Nyuzi za ubao huonekana, na rangi yake, iwe ya asali, kahawia au ya mninga, hutosha kuzuia sehemu kubwa ya miale. Kwa baraza linalopigwa jua na mvua, hili ndilo chaguo linalofaa zaidi.

Ya tatu ni steni nzito, inayofunika ubao karibu kama rangi ya kawaida. Huzuia jua vizuri kuliko zote na huficha mbao zenye madoa. Hata hivyo, huacha utando mwembamba juu, na kwenye sakafu inayokanyagwa sana inaweza kubabuka. Inafaa zaidi kwa kuta, nguzo na uzio.

Kuna steni za mafuta na za maji. Za mafuta kwa kawaida hupenya zaidi na ni rahisi kurudia, ingawa huchelewa kukauka na zina harufu kali. Za maji hukauka haraka, harufu yake ni ndogo, na brashi huoshwa kwa maji na sabuni. Kabla ya kulipa, soma kopo uhakikishe limeandikwa kuwa linafaa kwa sakafu za nje. Steni nyingi za samani za ndani hazina kinga ya jua wala ya kuvu.

Kila mbao na tabia yake

Mbao za msindano, ambazo nyingi hutoka Sao Hill wilayani Mufindi na kwenye mashamba ya wakulima wa Nyanda za Juu Kusini, hunywa steni kwa wingi. Hata hivyo, hazina kinga ya asili dhidi ya mchwa na kuoza. Ikumbukwe kuwa steni si dawa ya mchwa. Msindano wa kujengea nje lazima uwe umetiwa dawa kwanza, tena ile iliyosukumwa ndani kwa mtambo wa mgandamizo.

Mbao zilizotoka kwenye mtambo huo huwa zimejaa maji. Usizipake steni siku ya kuzinunua. Zipange kivulini, ukiweka vipande vya mbao katikati ili hewa ipite, na uziache zikauke kwa wiki kadhaa. Wala vipande vilivyobaki visitumike kama kuni, kwani dawa nyingi za aina hii zina shaba, na baadhi zina aseniki, ambayo ni sumu hata kwenye moshi na majivu yake.

Msaji, unaopandwa Longuza wilayani Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro na kwa baadhi ya wakulima, una mafuta yake wenyewe. Hudumu nje hata bila kupakwa chochote, ila hugeuka kijivu. Anayetaka kulinda rangi yake apake steni nyepesi ya mafuta, kwa kiasi kidogo, kwa sababu ubao huo haunywi sana. Mvule na mkongo nazo ni mbao ngumu zinazodumu, na kwazo pia kupaka kwa wingi ni kupoteza fedha, kwani kinachobaki juu hunata na kukusanya vumbi.

Subiri ubao ukauke

Kwa pwani ya Tanzania na ya Kenya, masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Nafasi nzuri ya kupaka ni kuanzia Julai hadi Septemba, baada ya mbao kutoa maji ya masika. Januari na Februari pia zinafaa, ingawa jua la miezi hiyo ni kali na kazi hulazimika kufanywa asubuhi. Kwa Nyanda za Juu Kusini, ambako msimu wa mvua ni mmoja, miezi ya kati ya Juni na Oktoba ndiyo yenye uhakika.

Unyevu ndani ya ubao usizidi asilimia 15 hivi. Mafundi wachache wana kifaa cha kuupima, lakini kuna njia isiyogharimu chochote. Nyunyiza matone ya maji sehemu tatu au nne za baraza. Yakinywewa ndani ya dakika chache, ubao uko tayari. Yakibaki juu kama shanga, ama ubao bado una maji, ama una mafuta au mabaki ya vanishi ya zamani, na steni nayo haitapenya.

Maandalizi ndiyo nusu ya kazi

Kama baraza lilishapakwa vanishi, utando wote lazima uondolewe kwa kikwangulio, msasa au dawa ya kuondolea rangi. Hakuna njia ya mkato hapa. Steni iliyopakwa juu ya vanishi haina pa kupenya.

Baada ya hapo osha baraza kwa maji matamu, sabuni ya unga na brashi ngumu ya nyuzi, ukisugua kufuata urefu wa ubao. Karibu na bahari uoshaji huu pia huondoa chumvi. Epuka brashi ya waya na sufi ya chuma. Chembe za chuma zinazobaki hukutana na tanini iliyomo kwenye mbao nyingi ngumu na kuleta madoa meusi. Ndiyo sababu pia misumari ya kawaida huacha alama nyeusi. Tumia skrubu zilizopakwa zinki, na ufukweni, kama uwezo upo, zile za chuma kisichoshika kutu.

Wengi hukimbilia dawa ya kung'arishia nguo zenye klorini ili kuondoa weusi. Dawa hiyo huua kuvu iliyo juu, lakini ikiwa kali hudhoofisha nyuzi za ubao na kulisha kutu kwenye misumari. Ukilazimika kuitumia, izimue vizuri na usuuze kwa maji mengi.

Mbao zikikauka, zipige msasa namba 60 au 80 kuondoa tabaka la kijivu na vibanzi. Fundi wa samani atashangaa, kwa kuwa amezoea namba 180 na zaidi. Msasa laini hufunga vitundu vya ubao, na steni hukosa njia. Fagia vumbi lote, na uvae kitambaa puani wakati wa kazi hii.

Namna ya kupaka

Jaribu kwanza sehemu iliyojificha, kwani rangi kwenye kopo haifanani na rangi kwenye ubao wako. Koroga steni kutoka chini, na uendelee kukoroga mara kwa mara, la sivyo chembe za rangi hutuama na sehemu moja ya baraza itakuwa nyeusi kuliko nyingine. Kama una makopo mawili au zaidi, changanya yote kwenye ndoo moja.

Anza umande ukishakauka, na usimame ubao unapokuwa wa moto kwa kiganja. Steni ikipakwa kwenye ubao wa moto hukauka kabla ya kupenya. Hakikisha hakuna dalili ya mvua kwa siku mbili zinazofuata.

Chukua mbao mbili au tatu tu kwa wakati mmoja na uzipake kutoka kichwa hadi kichwa kabla ya kuhamia nyingine. Ukiishia katikati ya ubao, mahali ulipoishia pataonekana kama mstari. Rola inaharakisha kazi, lakini pitisha brashi nyuma yake ili kuisukuma steni ndani ya nyuzi.

Usisahau vichwa vya mbao. Hapo ndipo maji huingia kwa kasi kuliko sehemu nyingine yoyote, na ndipo ubao huanza kuoza. Vipake mara mbili au tatu mfululizo hadi viache kunywa. Kama baraza ni jipya, paka pande zote za ubao kabla ya kuupigilia, na acha nafasi ya milimita 5 hivi kati ya ubao na ubao ili maji yapite.

Baada ya dakika 15 hadi 20, au kama kopo linavyoelekeza, futa kwa kitambaa steni yote ambayo haijanywewa. Hatua hii hurukwa na wengi kwa kuona wanafuta fedha zao, lakini steni iliyobaki juu hunata kwa siku nyingi na kuchafua nguo za wateja. Mkono wa pili upakwe tu kama ubao bado una kiu.

Matambara huweza kuwaka moto

Onyo hili ni la lazima. Matambara yaliyofutia steni ya mafuta au mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka. Yakirundikwa pamoja kwenye kona au pipa la taka, joto hilo huweza kuyawasha yenyewe, bila kiberiti, saa kadhaa baada ya fundi kuondoka. Kwa mgahawa ulioezekwa makuti hilo ni janga.

Tandaza kila tambara peke yake mahali pa wazi nje hadi likauke na kuwa gumu, au yatumbukize kwenye ndoo ya chuma yenye maji na uifunike.

Piga hesabu kabla ya kununua

Tuchukulie baraza lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 4. Eneo lake ni mita za mraba 24. Kama kopo linasema lita moja hutosha mita za mraba 8, mkono wa kwanza utahitaji lita 3, na mikono miwili lita 6. Ongeza lita moja kwa ajili ya vichwa na kingo. Mbao zisizopigwa randa hunywa zaidi, pengine mara mbili.

Zidisha lita hizo kwa bei ya duka lako, kisha ongeza msasa, sabuni, brashi na siku za fundi. Halafu andika gharama ambayo wengi huisahau, yaani siku ambazo meza za nje hazitatumika. Kukwangua vanishi iliyobabuka kwenye baraza kama hili kunaweza kuchukua siku nyingi. Kurudia steni iliyofifia ni kuosha siku moja, kusubiri ikauke siku mbili tatu, na kupaka asubuhi moja. Zidisha mauzo ya meza hizo kwa tofauti ya siku, na utaona kwa nini kopo la bei rahisi linaweza kuwa ghali.

Vipi kuhusu oili chafu?

Wakulima wengi hutumia oili chafu ya magari kupaka nguzo za uzio na mabanda, kwa kuwa hupatikana gereji kwa bei ndogo au bure. Ni kweli kwamba hufukuza maji kwa muda. Lakini huwa na mabaki ya metali na kemikali zenye madhara, hunata, na mvua huiteremsha kwenye udongo. Isitumike kwenye sakafu wanayokaa watu, karibu na kisima, wala ndani ya banda la kuku au zizi ambako mifugo hulamba na kudonoa.

Kwa mizinga ya nyuki, paka nje tu kwa mafuta ya kitani, uache yakauke kabisa kabla ya kuingiza nyuki, na ndani uache ubao mtupu.

Matunzo na nafasi ya kipato

Baraza likishapakwa, lifagie mchanga kila siku, inua vyungu vya maua visikae juu ya ubao moja kwa moja, na rudia jaribio la matone ya maji mara mbili kwa mwaka. Siku maji yatakaponywewa badala ya kukaa juu, steni imepungua. Kwa steni nusu angavu kwenye jua la pwani, tegemea kurudia kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Usisubiri ubao ugeuke kijivu, kwani hapo utalazimika kuanza tena na msasa.

Kwa vijana wenye ufundi, hapa kuna kazi ya kudumu. Fundi anayejenga baraza hulipwa mara moja. Anayekubaliana na wenye migahawa kukagua, kuosha na kurudia steni kila Julai au Agosti huwa na wateja walewale kila mwaka, na mtaji wake ni brashi, msasa, ndoo na uaminifu wa kumwambia mteja asubiri pale ubao unapokuwa bado haujakauka.